Kanuni ya Sita

Saa saba na robo mgeni alikuwa hajarudi, na afisa wa leseni alikuwa ameahidi kufika saa tisa kamili. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikaa barazani na mguu wake wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda, ndani ya plasta ngumu kutoka kwenye kifundo hadi pajani. Kila baada ya nusu dakika aliichungulia saa ya sebuleni kupitia dirishani, labda ingemwonea haya ikasimama. Saa haikumwonea haya.

Mtaani walimwita Bi Kanuni. Jina hakulipenda, lakini alikuwa amelifanyia kazi. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne, viwili vya familia na viwili vya watalii, na nyuma ya mlango wa kila chumba cha watalii palibandikwa karatasi yenye kanuni kumi na nne, kwa lugha mbili, ndani ya plastiki isilowe. Nakala ya tatu ilikuwa ukutani pale barazani, kwa ajili ya wale wanaojifanya hawakuiona ya chumbani. Kanuni mbili za mwanzo zilikuwa za adabu. Hapa watu husalimiana kwanza, ilisema ya kwanza, na salamu ni haki ya kila mtu, usiulize bei wala njia kabla ya kusalimu. Ya pili ilimkataza mgeni kumpiga mtu picha bila kumwomba. Kuanzia ya tatu karatasi ilibadilika sauti: usile wala usinywe ulichopewa na mtu usiyemjua, usimfuate huyu, usimwamini yule, simu na pasi acha chumbani, geti lifungwe muda wote.

Hata ule mguu ulikuwa na kanuni yake. Alikuwa ameteleza kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe, hatua mbili kutoka kwenye kibao alichokiandika mwenyewe: Tahadhari, sakafu ina maji. Mtaa ulicheka wiki nzima, kisha ukaja kumpa pole, ukacheka tena wakati wa kutoka.

Lakini hofu yake haikuwa ya bure. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka juzi bwana mmoja mtanashati, mwenye tai na mkoba wa ngozi, alimwendea mgeni wake sokoni akamwambia, "Mama mwenye nyumba ameugua ghafla, amenituma nikuchukue wewe na begi lako." Alionyesha hadi picha. Alilia hadi machozi. Begi likaenda na pasi ikaenda, na ofisi ya leseni ikamwandikia Bi Kanuni barua ya mistari minne, wa mwisho ukisema kwamba tukio jingine la aina hii na leseni itafutwa. Leo ilikuwa siku ya kuihuisha, na afisa alitaka kuongea na mgeni mwenyewe, ana kwa ana.

Bila leseni hakuna watalii, na bila watalii nyumba ile isingefika mbali. Mumewe alikuwa dereva wa lori, lori la watu, si lake. Mwezi huu safari tatu, mwezi ujao hakuna. Binti yao alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, na katika nyumba ile maneno hayo yalikuwa bajeti.

Na mgeni wa safari hii alikuwa almasi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu, aliyejifunza lugha kwa kitabu na kanda hata akaongea kwa ufasaha wa kutisha. Siku ya kwanza alizisoma kanuni zote kumi na nne akiwa amesimama, akauliza maswali mawili kuhusu ya tisa, akasema, "Asante sana. Nitazitii." Ilikuwa mara ya kwanza mtalii kumwambia hivyo, na Bi Kanuni alikaribia kumkumbatia. Leo alikuwa ametoka saa tatu asubuhi kwenda sokoni, atarudi saa sita. Sasa ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

*

Geti liligongwa. Kwenye vyuma alionekana mtu wa mkokoteni, mmoja wa wale waliokaa kule stendi wakisubiri mizigo, mrefu, shati limefifia mabegani kwa jua. Bi Kanuni alimfahamu kwa sura kwa miaka sita. Alikuwa akipita mbele ya nyumba kila siku.

"Shikamoo, mama. Pole na mguu."

"Unataka nini?" Bi Kanuni aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Sitaki kitu. Mgeni wako yupo kwenye duka la vifaa vya umeme, kule nyuma ya soko. Amekaa tangu saa nne na nusu. Hali, hanywi, haongei sana. Nimeona nikuambie."

"Amekutuma?"

"Hajanituma. Hata salamu yangu ananiitikia kwa kichwa tu." Alitabasamu kidogo. "Nimepita njia yangu."

Bi Kanuni alimtazama, akisubiri ile sehemu ya kuomba chochote. Haikuja. Mtu yule aliinua mishikio ya mkokoteni wake akaondoka, na ndipo alipokumbuka kwamba hakumwambia asante. Alilisukuma wazo hilo kando. Kichwa chake kilikuwa na kazi.

Kisa alikielewa mara moja. Barabara yao ilikuwa imechimbwa mwanzo hadi mwisho kwa ajili ya mabomba ya maji. Kila asubuhi mafundi waliziba njia moja na kufungua nyingine, na wenyeji wenyewe walikuwa wakipotea kwenda kwa jirani. Mgeni amepotea, akatii kanuni ya nane: ukipotea usizungukezunguke, ingia kwenye duka lenye kaunta, kaa, subiri nije. Kanuni nzuri kabisa. Aliiandika akiwa na miguu miwili.

"Baba watoto!" aliita. "Amka, una kazi."

Mumewe alikuwa amerudi asubuhi ile baada ya wiki tatu barabarani, mgeni akiwa ameshatoka, na tangu hapo alikuwa amelala kama gunia. Alitoka akijikuna kifua, akasikiliza, akavaa viatu.

"Dakika ishirini tu," alisema. "Kwenda na kurudi."

*

Saa nane kasorobo simu ya Bi Kanuni iliita.

"Anakataa," alisema mumewe.

"Anakataa nini?"

"Kuja. Ongea naye, naweka sauti kubwa. Simu yenyewe hataki kuishika."

Bi Kanuni alikohoa kidogo, akaongea kwa sauti tamu aliyokuwa nayo kwa ajili ya wageni. "Mgeni wangu, ni mimi, mama wa nyumbani. Huyo ni mume wangu. Njoo naye, usiogope."

Sauti ya mwalimu ikaja, tulivu, kila herufi mahali pake. "Kanuni ya tano. Sauti ya simu si mtu. Nasikitika sana, mama, kama ni wewe."

Simu ikakatika. Bi Kanuni alibaki ameishika sikioni. Kanuni ya tano aliiandika kwa sababu yule bwana wa tai alikuwa na mwenzake wa kike kwenye simu, aliyeigiza sauti ya mama mgonjwa vizuri mno.

Mumewe alirudi peke yake, vumbi la mtaro hadi magotini.

"Umekuja na nini sasa?"

"Na njaa," alisema, akaketi kwenye ngazi. "Mama watoto, yule mama si mchezo. Nimemwambia mimi ndiye mume. Akanijibu kwa adabu kabisa, 'Nafurahi kukufahamu, lakini kuna kanuni ya nne.' Nikamwonyesha picha yetu kwenye simu, ile ya harusi ya mdogo wako. Akafungua mkoba, akatoa karatasi. Kumbe amezinakili zote kwa mkono wake. Akanisomea mbele ya watu."

"Amesoma nini?"

"Unajua mwenyewe, uliandika wewe. Usimfuate mtu yeyote anayesema nimemtuma, hata akitaja jina langu, hata akionyesha picha yangu, hata akilia. Nikikuhitaji nitakuja mwenyewe, kwa miguu yangu."

Bi Kanuni alifumba macho. "Hukulia?"

"Nilikaribia. Mwenye duka ananiangalia kama mwizi. Kuna kijana alishaanza kunirekodi. Miaka ishirini na sita ya ndoa, leo nimeambiwa sina ushahidi."

Angekuwa mahali pengine angecheka hadi mbavu ziume. Lakini mshale wa saa ulikuwa umeshapita saa nane na robo, na aliona waziwazi jinsi itakavyokuwa: afisa anafika, anafungua faili, anauliza, "Mgeni yuko wapi?" naye anajibu, "Amepotea, ila kwa kufuata kanuni." Barua ya safari hii haingefika hata mistari minne. Aliogopa kweli.

"Itabidi niende mwenyewe," alisema.

"Utaendaje? Kwa magongo, kwenye zile mbao za mtaro? Utaingia humo wakufukie pamoja na bomba."

"Pikipiki?"

"Mguu wako haukunji. Na haipiti."

"Nibebe."

Mumewe alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye plasta, kwa mapenzi, lakini pia kwa hesabu. "Mgongo wangu ni wa kukaa, mke wangu. Si wa kubeba." Kisha akainua kidevu kuelekea barabarani. "Yule mtu wa mkokoteni yuko pale kwenye kona."

*

Mtu wa mkokoteni hakuuliza maswali. Alitandika gunia tupu, juu yake mto wa sebuleni, kisha yeye na mume wakamnyanyua Bi Kanuni kwa pande mbili na kumkalisha, mguu wa plasta umetangulia mbele kama mlingoti.

"Bei gani?" aliuliza Bi Kanuni, maana hata pale kanuni ya saba ilikuwa kichwani: patana bei kabla ya kupanda.

"Magunia mawili ya saruji."

"Mimi?"

"Kwa uzito, mama. Heshima siwezi kuipima."

Mumewe alitangulia na magongo begani, akiwaomba watu njia. Hapakuwa na haja. Mtaa mzima ulijipanga wenyewe. Mshona nguo aliacha cherehani akatoka nje. Mama wa duka la nafaka aliweka mikono kiunoni akasema, "Bi Kanuni, leo umekuwa mzigo?" na Bi Kanuni akamwitikia kwa tabasamu la mtu aliyemeza kitu kichungu. Alikuwa amepita njia ile miaka kumi na tisa akiwa amesimama wima, mkoba umebanwa kwapani, akihesabu ni nani wa kuandikwa na ni nani wa kuachwa. Kutoka chini pale mtaa ulionekana mwingine, sura tu zinazomwinamia.

"Shikilia pembeni hapo," alisema mtu wa mkokoteni. "Pana jiwe."

Walipofika kwenye ubao wa kwanza wa kuvukia mtaro, fundi mmoja wa mabomba alipaza sauti kutoka shimoni, "Namba Sita! Leo umepata mzigo wa maana!"

Wenzake wakacheka. Mtu wa mkokoteni naye akacheka, akavuka ubao polepole, gurudumu moja halafu jingine.

"Kwa nini wanakuita Namba Sita?" aliuliza Bi Kanuni.

"Hujui kweli?"

"Ningejua ningeuliza?"

"Ulikuwa na mgeni, mwaka juzi, kijana mwenye ndevu. Nilimsalimu pale stendi. Akasema, 'Samahani, namba sita,' akaongeza mwendo. Wenzangu wakamkimbilia kumwuliza namba sita ni nini, naye kwa sababu ni mtu mwaminifu akawasomea yote. Wasukuma mikokoteni wa stendi: usiwape mzigo, usiwajibu, usitembee nao." Aliisema bila kukosea neno, kama mtu anayesoma anwani yake. "Tuko wanane pale. Lakini mimi ndiye niliyesalimu, jina likaniangukia mimi."

Bi Kanuni alitazama mbele, kwenye vidole vya mguu wake vilivyochungulia kutoka kwenye plasta. "Ile kanuni niliiandika baada ya lile begi," alisema. "Lilionekana mara ya mwisho kwenye mkokoteni."

"Wangu."

"Wako?"

"Yule bwana wa tai alinikodi nimpelekee begi hadi kituo cha mabasi. Nikapeleka. Niliposikia kelele nilikwenda mwenyewe kituo cha polisi kusema nililoliona, sura yake, basi alilopanda. Nikakaa ndani siku mbili." Alivuta pumzi kwa sababu ya kilima kidogo, si kwa sababu ya kisa. "Tai hukuiandika popote, mama. Mikokoteni uliiandika."

"Sikujua kama walikuweka ndani."

"Ulijua. Ulikuwa umekaa kwenye benchi unaandika maelezo. Walinipitisha mbele yako. Nilikusalimu."

Alikumbuka. Alikumbuka benchi, kalamu isiyoandika vizuri, na sauti iliyosema shikamoo mama, na jinsi alivyoinamia karatasi yake kwa bidii kubwa. Mwandishi wa kanuni ya kwanza, salamu ni haki ya kila mtu. Alitaka kusema kitu na kila kilichomjia kilikuwa kidogo mno, na mtu yule hakumlazimisha. Alimsukuma tu, akikwepa mashimo kwa uangalifu ule ule.

*

Mgeni alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya duka, mgongo umenyooka, mkoba magotini, kati ya mabunda ya nyaya na masanduku ya balbu. Kando yake kwenye kaunta kulikuwa na chupa ya maji ambayo haijafunguliwa na pakiti ya biskuti ambayo haijaguswa. Watu kumi hivi walikuwa mlangoni, kila mmoja na maoni yake.

Alipomwona Bi Kanuni uso ulimng'aa. Akainuka nusu. Kisha akatulia, akautazama mkokoteni, akaitazama plasta, akatoa karatasi yake mkobani.

"Mama, nimefurahi sana," alisema. "Lakini imeandikwa: kwa miguu yangu. Sijui kama mkokoteni unahesabika."

Watu wa mlangoni waligeuka wote kwa pamoja kumtazama Bi Kanuni. Mumewe aliziba mdomo kwa mkono.

"Nishusheni," alisema Bi Kanuni.

Alishuka. Gongo moja kwapani, mkono mwingine begani kwa mtu wa mkokoteni, kwa kuwa mumewe alikuwa akicheka kiasi cha kutofaa kuegemewa. Akapiga hatua tatu kuingia dukani, jasho likimtiririka, plasta ikigonga sakafu. Mgeni alihesabu kwa macho. Hatua ya tatu ilipokamilika aliikunja karatasi, akaja, akamshika mikono yote miwili.

"Sasa naweza kunywa maji ya mwenye duka?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nina kiu sana."

"Kunywa, mwanangu," alisema Bi Kanuni, ingawa mgeni alimzidi umri kwa miaka kumi.

Mgeni aliinywa chupa nzima bila kupumzika. Mwenye duka alitikisa kichwa. "Saa nne zote nilidhani ana kinyongo na mimi," alisema. "Nimejiuliza nimemkosea nini."

"Hujamkosea," alisema Bi Kanuni. "Nimekukosea mimi. Nisamehe." Lilitoka kwa urahisi kuliko alivyotarajia. Lile jingine, la kwenye mkokoteni, lilikuwa bado limekwama.

*

Walirudi saa tisa na dakika ishirini, msafara mzima: mgeni mbele akiwasalimu watu wote kulia na kushoto, Bi Kanuni juu ya mto wake, mume nyuma na magongo na biskuti. Geti lilikuwa wazi. Katika haraka ile hakuna aliyelifunga, na barazani, mbele ya karatasi ya ukutani, alisimama afisa wa leseni na faili kwapani, akisoma.

"Nimekuta geti wazi," alisema. "Kanuni ya kumi na nne."

"Ilikuwa dharura," alisema Bi Kanuni kutoka mkokotenini.

"Naona." Alikuwa kijana nadhifu, miwani, kalamu mbili mfukoni. Aliketi, akafungua faili, akamgeukia mgeni. "Nimeambiwa njiani kwamba umepotea leo. Kweli?"

Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Bi Kanuni aliubana ukingo wa mkokoteni.

"Sikupotea," alisema mgeni. "Nilisubiri. Nilijua mahali nilipokuwa: nilikuwa dukani. Hakuna kitu kilichoibwa na hakuna mtu aliyenidhuru. Waliniletea maji, kiti na biskuti, na wengi walijitolea kunisindikiza. Niliwakatalia wote kwa sababu ya kanuni. Watu walikuwa wema kuliko karatasi."

Afisa aliandika, akafikiri, akafuta neno moja. "Vizuri. Bado kitu kimoja. Fomu inataka jirani mmoja asiye ndugu athibitishe kwamba mgeni wa nyumba hii yuko salama mtaani." Akatazama huku na huku, macho yakatua kwa aliyekuwa karibu. "Wewe ni jirani?"

"Nakaa nyuma ya ukuta huu," alisema mtu wa mkokoteni. "Miaka sita."

"Unawafahamu wenye nyumba?"

"Mimi nimeandikwa hapo. Namba sita."

Afisa aliinua macho kwenye karatasi. Akasoma kwa sauti, polepole, kama watu wa ofisi wanavyosoma: wasukuma mikokoteni wa stendi, usiwape mzigo, usiwajibu, usitembee nao. Kisha akarudi juu. "Lakini ya kwanza inasema salamu ni haki ya kila mtu. Ya sita inasema usiwajibu. Mgeni afuate ipi?"

"Hilo limenisumbua siku nne," alisema mgeni. "Niliamua kutikisa kichwa."

Hakuna aliyecheka, hata mume. Bi Kanuni alijua kwamba mtu yule alikuwa na haki ya kusema lolote. Angeweza kutaja siku mbili za kituoni. Angeweza kusema tu kwamba hana la kuthibitisha, akainua mkokoteni wake akaenda zake, na leseni ingeondoka nao.

Mtu wa mkokoteni alijipangusa mikono kwenye suruali. "Mama huyu ana woga mwingi," alimwambia afisa. "Lakini hawezi kulala mgeni wake akiwa nje. Leo amepanda kitu anachokikataza, amepita mtaa mzima akichekwa, kumfuata. Mgeni wa hapa yuko salama. Andika."

"Andika mwenyewe. Hapa, jina kamili."

Aliandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, umelala kidogo kulia, mzuri kuliko wa afisa. Majina matatu. Bi Kanuni alikuwa ameshakalishwa kwenye kiti chake, akayasoma kichwa chini miguu juu kutoka upande wa pili wa meza, moja baada ya jingine. Miaka sita, na ndiyo mara ya kwanza anamjua mtu anaitwa nani.

Afisa aligonga muhuri. Kwenye geti aligeuka. "Leseni ni ya miaka miwili, mama. Na hiyo ya sita itazame."

Mtu wa mkokoteni alipokea hela ya magunia mawili, akarudisha chenji, akaondoka.

*

Jioni ile mume alimshikia kiti, mgeni akamshikia taa, naye Bi Kanuni akaitoa karatasi ya barazani kwenye plastiki yake. Aliikata kanuni ya sita kwa mstari mmoja mnene. Juu yake aliandika: Ukipotea, mtafute bwana huyu, na majina yote matatu.

"Na mimi?" aliuliza mumewe. "Niandike hata ya kumi na tano. Mume yupo, anaaminika."

"Leta ushahidi," alisema Bi Kanuni, na mgeni akacheka hadi taa ikatikisika.

Lakini karatasi haikumtosha, alilijua hilo hata kabla wino haujakauka. Asubuhi alijikongoja kwa magongo hadi getini, akasimama pale akisubiri. Saa mbili kasorobo mkokoteni ukapita upande wa pili wa mtaro, mtupu, ukielekea stendi.

Akamwita kwa jina lake.

Mtu yule hakugeuka. Akamwita tena, kwa sauti, jina la kwanza na la pili, na mshona nguo akatoka kuangalia ni nani huyo anayeitwa. Mkokoteni uliendelea. Bi Kanuni alielewa, na kule kuelewa kukamuuma kuliko mguu: lilikuwa jina ambalo pale mtaani hakuna aliyemwita nalo kwa miaka miwili, na hata mwenye jina alikuwa ameacha kulitegea sikio.

Hakumwita kwa lile jingine. Alivuta pumzi, akaita mara ya tatu, majina yote matatu, kama yalivyoandikwa kwenye fomu.

Mkokoteni ulisimama. Mtu yule aligeuka taratibu, akitafuta sauti imetoka wapi.

"Hujambo?" alisema Bi Kanuni, akafungua geti. "Jana uliniamkia hapa, sikuitikia. Na siku ile kule kituoni. Marahaba. Zote mbili. Naomba unisamehe. Ingia ndani, chai ipo tayari."